Anayezunguka Asiitwe Jina

Marigu mwanangu,

Nimeiweka barua hii ndani ya sanduku lako, juu kabisa, kwa sababu nakujua: asubuhi utalifungua tena kutia mswaki uliousahau. Mwandiko usiucheke. Mkono wa kulia haushiki kalamu tangu kiangazi kile, na huu wa kushoto ndio kwanza unaanza shule, uzeeni.

Mambo ya blanketi, ya kutoonyesha simu stendi, ya kutokula vitu vya kando ya barabara, mamako amekwisha kuyasema na atayasema tena ukiwa mlangoni. Mimi sina la kuongeza huko. Ukipata baridi ya Meru utavaa sweta, hukuzaliwa jana.

Utashangaa pia kwamba nakuandikia Kiswahili, wakati maisha yetu yote tumepatana na kugombana kwa Kimbeere. Sababu ni kwamba Alhamisi nitasimama kortini Siakago kutoa ushahidi, na nimeamua kuutoa kwa Kiswahili, bila mkalimani. Mkalimani anatoka kijiji cha pili na ananijua. Anaweza kunihurumia akayalainisha maneno. Kwa hiyo leo nafanya mazoezi kwako, na mahali pengine nitakueleza vitu unavyovijua kama vile wewe ni hakimu asiyenijua. Nivumilie.

Tangu Jumapili hatujasemezana. Unaniwekea chai mezani na unatazama ukuta. Mamako anadhani umenikasirikia kwa sababu ya sanduku la zamani nililokupa badala ya jipya, nami nimemwacha adhani hivyo. Lakini mimi na wewe tunajua ni nini. Ulikuwa jikoni unachambua maharagwe, ukasema bila kuinua kichwa, "Baba, wakili wa Ireri atakuuliza kama ulimwambia agonge mwizi. Wewe sema hapana. Hiyo tu."

Nikakuuliza, "Na kama nilimwambia?"

"Basi na wewe utashtakiwa. Nimesoma hiyo kitu, baba. Mtu akituma mwingine afanye kosa, sheria inawahesabu pamoja. Utatoka kwa kiti ya shahidi uingie kwa kizimba."

"Na Ireri?"

"Ireri alikuvunja mkono. Wacha ajitetee mwenyewe."

Nikakwambia Ireri huyo ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka zahanati uliposhikwa na surua. Ukaacha maharagwe kwenye ungo, ukatoka nje. Nilikuona dirishani ukijipangusa macho kwa kiwiko, ndipo nikajua si ukaidi. Unaogopa kwamba utakwenda kusomea sheria na sheria ibaki huku nyuma imchukue babako. Hata mimi naogopa. Sitakuficha.

Sasa nisome mpaka mwisho, kwa sababu katikati kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mamako.

Mheshimiwa, mimi naitwa Nyaga, ni mkulima wa muguka. Shamba langu liko kando ya barabara ya vumbi, mteremko unaoelekea mtoni. Yale majani machanga yanayotafunwa mjini na watu wasiotaka kulala ndiyo yaliyomsomesha binti yangu. Ireri ni jirani yangu na ndiye msimamizi wa wachumaji, miaka mingi sasa. Ni mtu mzima, ana mke na watoto, anaimba sauti ya chini katika kwaya, na hanywi hata kile kidogo cha Krismasi. Hatujawahi kukosana.

Halafu wezi wakaanza. Tulikuwa tukiamka tunakuta safu nzima imekwanyuliwa, vijiti vitupu. Nikaweka ua wa miiba, mbuzi wakaula. Nikaweka mbwa, akapewa nyama akanyamaza. Ndipo nikafanya walilofanya wengine kabla yangu, ingawa mimi ni mzee wa kanisa na kila Jumapili napitisha kikapu cha sadaka. Nikamleta mtu wa dawa kutoka kule chini kwenye joto.

Alikuja mchana kweupe, amevaa shati lililopigwa pasi, na simu mbili mfukoni. Alitembea pembe zote za shamba akiinama, anachimbachimba kwa kisu kidogo na kufukia. Mimi na Ireri tulisimama mbali kama alivyotuagiza. Alipomaliza akanawa mikono, akasema, "Mwizi akiingia hapa atazunguka. Njia ataiona lakini haifiki. Atazunguka hivyo mpaka mumkute. Lakini mkimkuta, msiseme neno. Akisikia jina lake, au hata sauti ya mtu, dawa imeachilia. Aanguke kwanza, ndio muongee."

Unataka kujua kama niliamini. Niliamini nusu. Ile nusu nyingine nilikuwa nafanya biashara, kwa sababu dawa ya namna ile hulinda zaidi ikijulikana. Nikaisema sokoni Siakago, nikaisema kwenye mnada wa mbuzi, nikaisema hata nje ya kanisa baada ya ibada, kwa sauti ya mtu anayetoa siri. Nikaongeza chumvi. Nikasema kuna mtu wa upande wa Gachoka alizunguka katika shamba la mwenzangu mpaka viatu vikatoboka. Mtu huyo hakuwapo, nilimtunga papo hapo, lakini baada ya wiki mbili nilisimuliwa habari zake na mtu mwingine, na sasa alikuwa na jina na kijiji.

Na Ireri nikamwambia, tukiwa wawili chini ya banda la kufungia majani, "Ukimkuta anazunguka, usimwite. Mgonge mkono unaochuma, aanguke, halafu uniite mimi."

Akauliza, "Na kama ni mtu tunamjua, mzee?"

Nikamjibu, "Mtu tunayemjua ana kazi gani ya kuzunguka?"

Akacheka. Nami nikacheka. Hayo ndiyo maneno wakili wake atakayoniuliza.

Siku yenyewe unaikumbuka kwa sababu ulipigiwa simu shuleni. Nilikuwa nimeaga kwamba nakwenda Siakago, nikameza dawa ya sukari, nikaona nitakula huko mbele. Nikiwa njiani nikakumbuka safu ya katikati ina wadudu, nikarudi kuitazama kupitia upande wa mto, mahali ambapo hakuna aliyeniona. Jua lilikuwa utosini. Nikajifunika gunia kichwani mpaka kiunoni kama wachumaji wanavyofanya, nikachukua panga dogo la kupogolea, nikaanza kutembea na safu.

Sijui ilianza lini. Najua tu kwamba niliona nimefika mwisho wa safu nikageuka, na pale nilipogeuka hapakuwa mwisho. Nikageuka tena. Njia ya kwenda bandani niliiona wazi, na mlango wa bati ukimeta juani, nami nikawa naufuata, na kila nikihesabu kwamba sasa nimefika, naukuta uko upande wa pili. Sikuwa na hofu. Hilo ndilo linalonitisha sasa nikilikumbuka, jinsi nilivyokuwa mtulivu. Ndege walikuwa wamenyamaza. Nilisikia miguu yangu ikikanyaga majani makavu, halafu nikasikia miguu mingine, mbele yangu, ikikanyaga vilevile.

Kulikuwa na mtu mbele. Alikuwa kichwa wazi, amevaa sweta la rangi ya damu ya mzee, lile lililotiwa kiraka na mamako kwenye kiwiko. Kiraka nilikiona. Nikafikiri, huyu anajua njia, nimfuate. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Nikataka kumwita, nikafungua mdomo, na jina lililokuja mdomoni lilikuwa langu mwenyewe. Nikaufunga. Ni mimi niliyetangaza kila mahali kwamba anayezunguka asiitwe jina, na hata nikiwa katika hali ile sikuweza kuivunja sheria yangu.

Tulizunguka hivyo, yeye mbele, mimi nyuma. Halafu nikamwona yule wa mbele anaanguka. Alianguka kwa ubavu, mkono wa kulia chini yake, wala hapakuwa na mtu aliyemgusa. Nikasimama nimshangae. Ndipo nikasikia rungu.

Nililala chini nikitazama mbingu, na miguu yangu, Marigu, ilikuwa bado inakwenda. Niliiona ikisukuma vumbi. Ireri akalifunua gunia. Akaniangalia, akasema polepole, "Nyaga." Hakusema mzee, wala Baba Marigu. Hajawahi kuniita hivyo tangu tujuane. Aliposema tu, miguu ikatulia, na ndege wakaanza tena.

Yaliyofuata unayajua. Alinipakia kwenye mkokoteni wa punda wake akanipeleka zahanati, akakaa mpaka nikapata gari la kunipeleka Embu, kisha akatembea peke yake hadi kituo cha polisi akasema, nimempiga mzee Nyaga, nifungieni. Daktari alisema sukari ilishuka sana, na kwamba ikishuka hivyo mtu huzunguka, huona vitu, hupotelea katika uwanja wake mwenyewe. Nilimwamini. Bado namwamini. Alinishona vizuri na hakunicheka.

Shtaka likawa ni kujeruhi vibaya. Mimi sikulifungua, lakini nimejifunza kwamba kosa la namna hiyo si mali yangu nilisamehe nikitaka. Ni la serikali.

Unakumbuka nilipotoka hospitali? Ulikuwa umeazima kitabu cha sheria kwa binti wa mwalimu, na jioni ukanisomea sababu zote zinazoweza kumtoa mtu katika kosa. Nilikuwa na maumivu lakini nilifurahi mno, maana ulikuwa unatafsiri sheria kwenda Kimbeere kana kwamba imetungwa jikoni kwetu. Ulianza na mtoto mdogo, kwamba hahukumiwi kwa sababu hajui. Nikakukumbusha ulivyofungua zizi ukiwa mdogo, mbuzi wakala ndengu za watu, na ulipoulizwa ukasema mbuzi ndio waliokuomba. Mamako alicheka mpaka akashika ukuta. Ukaja kwa mlevi, nikasema Ireri hanywi. Ukaja kwa aliyelazimishwa, nikasema basi huyo ndiye, mimi ni tajiri wake na nilimwamuru. Ukatikisa kichwa. Ukasema amri ya tajiri si kitu, sheria inataka mtu awe ametishiwa kifo palepale.

Halafu ukafika kwa aliyekosea. Mtu akiamini kwa moyo mweupe, na kwa sababu yenye maana, jambo ambalo silo, anahukumiwa kana kwamba lile aliloamini lilikuwa kweli. Nikasema, afadhali, hapo Ireri amepona, alidhani mimi ni mwizi. Ukafunga kitabu kidole kikiwa ndani, ukasema, "Hajapona. Tuseme ungekuwa mwizi kweli. Mwizi anayezunguka tu, hata hakimbii, unamvunja mkono wa nini? Kulinda mali kuna kipimo, baba."

Nilikula ugali usiku ule kwa fahari. Nilimwambia mamako, huyu mtoto atatuuza na kutununua. Na ulikuwa sahihi kwa yote uliyoyajua. Tatizo ni yale usiyoyajua.

Kabla sijafika huko, ngoja nikwambie kuhusu dawa. Nilipoweza kutembea nilichukua jembe, nikiwa na mkono mmoja, nikachimba pembe zote za shamba nitoe alichokizika yule mtu. Nilichimba mpaka nikafika kwenye mawe. Hapakuwa na kitu. Nikampigia simu. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, "Mzee, mimi sikuzika kitu. Wewe uliona nikizika?"

Nikasema niliona akifukia.

"Nilifukia mchanga. Watu wanataka kuona unafukia. Kazi ingine mlifanya wenyewe na mdomo." Halafu akakata.

Nilikaa pale kwenye shimo nikaona kweli kilichozikwa katika shamba lile ni maneno yangu mimi, na ya Ireri, na ya wote waliosimulia habari za yule mtu wa Gachoka ambaye hakuzaliwa. Nikaona aibu sana. Lakini sikuona amani, kwa sababu kama hapakuwa na kitu ardhini, mbona ile safu ya katikati haijachipua tena? Mvua imekuja na kupita. Kuna njia ya mviringo pale, nyembamba, nyasi hazioti, nawe umeiona na ukajifanya hujaiona. Na juzi mamako alinikuta huko saa sita ya mchana, sina viatu, natembea. Mimi nakumbuka nilikuwa nimekaa bandani nafunga majani. Tulipima sukari papo hapo. Ilikuwa sawa.

Sasa lile jambo.

Hakimu alimwachilia Ireri kwa dhamana, akamkataza kunisogelea wala kuzungumza na mimi kwa kuwa mimi ni shahidi. Ireri ni mtu wa kutii. Tukikutana njiani anavuka upande wa pili, macho chini, na mkewe vilevile. Lakini wiki iliyopita nilikuwa ndani ya ua wangu, naye akapita nje na punda wake amebeba maji. Akasimama. Akaanza kumsemesha punda, kwa sauti ya kwaya ile, huku akimkaza kamba ambayo haikulegea.

"Wewe punda, mimi nimekatazwa kuongea na watu, lakini wewe si mtu. Sikia. Mimi sikugonga mzee kwa sababu ya majani. Mkono wa mtu na majani, mimi najua gani ni kubwa. Nilitoka kwa banda nikaona watu wawili. Mzee alikuwa mbele, kichwa wazi, na ile sweta yake ya kiraka. Nyuma yake kulikuwa na mtu wa gunia, na panga, anamfuata pole pole, na mzee hajui. Nilitaka kupiga nduru nimwambie angalia nyuma. Lakini tuliambiwa tusiseme neno. Nikaona nikiita, huyu wa gunia dawa itamwachilia, na mzee yuko karibu na panga. Ndio nikagonga ule mkono wa panga. Punda, nilikuwa naokoa mzee wangu. Kumfunua, ni mzee. Na ule wa mbele hayuko."

Punda akapiga masikio. Halafu akasema, chini zaidi, "Hii siwezi kuambia wakili. Atasema mimi ni wazimu."

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa miiba, hatua chache tu, na nilikuwa na la kumjibu. Ningeweza hata mimi kumsemesha kuku. Sikufanya hivyo. Akamgusa punda, wakaondoka, nikawasikia mpaka kwenye kona.

Mwanangu, sikuwahi kumwambia mtu kwamba nilimwona yule wa mbele. Sikumwambia daktari, sikumwambia polisi. Nilijiambia ni sukari. Lakini sukari yangu ilishuka ndani ya mwili wangu mimi. Ireri alikuwa amekunywa uji, hana ugonjwa wowote, amesimama mlangoni mwa banda. Yeye aliona kwa nini? Na sweta lile, ulipokuja hospitali ulilikata wewe mwenyewe kwa makasi kulitoa. Lilikuwa mwilini mwangu, chini ya gunia, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuliona.

Sasa rudi kwenye kitabu chako. Ulisema kulinda majani kuna kipimo, na ni kweli. Lakini mtu anayemlinda mwenzake asikatwe panga mgongoni, kipimo chake si kile. Ukichukua alichoamini Ireri ukakiweka kuwa kweli, alifanya nini kibaya? Aligonga mkono wenye panga mara moja, akaacha. Kinachobaki ni lile neno ulilolikazia, kwamba sababu ya kuamini iwe na maana. Mtu mmoja akisema aliona watu wawili, korti itasema ameota, au hana akili. Na ulinieleza mwenyewe kwamba anayeonekana hana akili haambiwi nenda nyumbani. Hupelekwa kufungiwa mahali, na siku ya kutoka haijulikani. Ireri analijua hilo, ndiyo maana anamwambia punda.

Lakini akinisikia mimi nimelisema kwanza, naye akalisema, tukawa wawili, mmoja aliyepiga na mmoja aliyepigwa, na hatujazungumza? Sijui hakimu ataipokeaje. Wewe huenda ukajua miaka michache ijayo. Inawezekana atasema mzee huyu kichwa chake kilivurugwa na sukari, ushahidi wake hauna uzito. Inawezekana Ireri asipate nafuu yoyote nami nikapata shtaka. Hayo nimeyapima.

Sikuombi ruhusa. Nakueleza tu, ili usije ukasikia kwa wengine. Alhamisi nitasema kwamba nilimwambia agonge, kwa maneno yaleyale, na kwamba aliniuliza kuhusu mtu tunayemjua nami nikamjibu kwa mzaha. Nitasema ni mimi niliyemkataza kupiga nduru, na kwamba nduru moja ingetuponya sote wawili. Na nitasema nilimwona yule wa mbele. Wakiniuliza alikuwa nani, nitasema sijui, maana kweli sijui.

Ulisema wacha Ireri ajitetee mwenyewe. Nimelifikiria neno hilo siku hizi zote tulizonuniana. Utakwenda kufundishwa namna mtu anavyotoka katika kosa, na utaijua kazi hiyo kuliko wengi, kwa kuwa unaona haraka. Sitakuhubiria, mahubiri nimeyasikia mengi nikiwa na kikapu mkononi. Ninachojua ni hiki kimoja kilichonigharimu mkono: utetezi wa Ireri haumo kwa Ireri. Umo kwangu, na nikinyamaza Alhamisi hautoki, hata akimpata wakili bora kutoka Nairobi. Siku ukikaa mbele ya mtu na faili lake, muulize ni nani mwingine aliyekuwapo, na huyo mwingine anaogopa nini.

Kuna jingine ambalo ni la nyumbani. Nilikupa jina la mama yangu, kama desturi ilivyotaka, na tangu uzaliwe nimekuita mama kwa mzaha na kwa kweli. Nilipokuwa nazunguka pale nilitamani kitu kimoja tu, mtu aniite. Nilitamani kuitwa na yeyote, hata kwa kutukanwa. Na tangu Jumapili nyumba hii imekuwa kimya kama safu ile, unapita mbele yangu na chai, nami naogopa kukuita, nawe unaogopa kuniita, kila mmoja akidhani sauti yake itaharibu kitu. Naumia, Marigu. Nimelisema.

Kwa hiyo nakuomba kitu kidogo. Kesho utapita njia ya ukingo wa shamba na sanduku lako, mamako akikusindikiza. Mimi nitakuwa safu ya katikati, kichwa wazi, sina gunia. Nimeamua kusimama pale mpaka nisipaogope tena. Mamako atakwambia usinisumbue, mzee hayuko sawa siku hizi. Usimsikilize. Simama uniite. Ita kwa sauti, hata kama ni kunigombeza, hata kama ni kwa jina langu ambalo mtoto hamwiti babake. Mimi nimekuruhusu.

Na ukiona tuko wawili, usikimbie, na usimwite yule wa mbele. Mimi ndiye wa nyuma.

Babako,
Nyaga